Taa Nyekundu Haizimiki

Gerezani, Lubumbashi
Jumatano, 6 Novemba 2024

Yaya Hortense,

Salamu nyingi. Barua hii unaipokea mkononi mwa Padri Sylvain, anayekuja kutuona Jumatano na Jumapili. Simu walininyang'anya siku ya kwanza. Ukimaliza kusoma, tafadhali usiiache mezani pale kituo cha afya.

Leo ni siku ya sita tangu polisi wanichukue mbele yenu nyote, na bado nimevaa fulana ileile ya kazi. Ninakuandikia wewe, mkunga na dada yangu mkubwa wa kazini, kwa sababu ndiye uliyenipokea miaka minne iliyopita, nilipokuja kutengeneza friji ya chanjo nikabaki kuwa fundi wa kituo. Na pia kwa sababu ufunguo wa pili wa kabati langu unao wewe.

Nikuulize bila kuzunguka. Je, ni mimi niliyemuua mtoto wa Mama Mwenya?

Dokta Dominique amewaambia polisi kwamba kuvezi, lile sanduku la joto la watoto njiti, ilipoa mtoto akiwa ndani, na kwamba king'ora nilichokitengeneza hakikulia. Mchana ule sikuwapo, nilikuwa Luano kuchukua kifurushi cha vipuri kilichokuja na ndege. Niliporudi mtoto huyo, Keren, alikuwa amekwisha kufunikwa kitambaa. Kilo moja na gramu mia tatu. Asubuhi nilikuwa nimemwona akinyoosha vidole. Tangu hapo ninapita kila waya kichwani mwangu. Ninafika kwenye king'ora, ninaona kiko sawa. Ninaanza tena, ninaona labda kuna skrubu sikuikaza.

Sasa sikiliza jambo ambalo hapo kituoni hakuna anayelijua. Polisi walibeba kuvezi, lakini hawakufungua kabati la korido. Mle, rafu ya juu, kuna kompyuta ndogo isiyo na kioo, ukubwa wa pakiti ya karata. Inakula umeme wa betri ya gari inayochajiwa na sola. Kila dakika inashika mambo manne: joto ndani ya kuvezi, kama umeme unaifikia, kama king'ora kinalia, na kama mtu amebonyeza kitufe cha kukinyamazisha. Kikinyamazishwa, kinarudi kulia baada ya dakika ishirini.

Ugumu uko hapa. Kadi za kuhifadhia zilikuwa zinaharibika ovyo kwa kuandikwa kila mara, basi nikaipangia iweke yote kichwani mwake kwanza, na iandike kwenye kadi pale tu inapozimwa kwa utaratibu. Kila Jumamosi niliizima mwenyewe nikanakili. Keren amekufa Alhamisi. Mimi nikakamatwa Ijumaa. Kwa hiyo Alhamisi ile haijaandikwa popote. Iko kichwani mwa kile kisanduku, na itakaa humo muda wote betri ikiwa hai. Betri ikifa, au mtu akivuta waya, imekwisha kabisa.

Wakili wangu, Maître Clément, ameomba fundi wa mahakama. Wamemwambia Desemba. Naye Dokta amemkatalia kuingia bila karatasi. Mvua zimeanza, jua ni la kubahatisha, na betri ile si mpya.

Usiguse kitu. Fungua kabati, uangalie taa zinazowaka, uniambie.

Mdogo wako,
Liévin


Lubumbashi, mtaa wa Kenya
Jumapili, 10 Novemba 2024

Liévin mudogo wangu,

Unisamehe maandishi. Unajua mimi ninaandika kama vile ninasema, si kama wewe uliyesoma kwa bapadri.

Nimefungua kabati. Iko taa mbili. Nyekundu inawaka tu. Ya kijani inapepesa mara moja moja, sawa jicho ya mutu mwenye usingizi. Nimefunga tena, ufunguo iko kwa shingo yangu pamoja na medali.

Hapa hakuna amani. Docteur amekataza kutaja jina yako kwa korido. Juzi Mwenya alikuja kuchukua nguo za mutoto zilizobakia, kofia moja na soksi. Michelle, muuguzi mwenzangu, alishindwa kumupatia, nikampatia mimi. Mwenya hakulia. Aliniuliza tu: "Mama Hortense, ulikuwa hapo?" Nikamujibu nilikuwa kwa salle ya kuzalisha, na Tracy alikuwa anazaa. Akasema "Aah, sawa," akaenda.

Unaniuliza kama ni wewe. Mimi niseme nini? Sikusikia king'ora muzuri. Kulikuwa makelele mingi siku ile.

Nami ninakuuliza. Ile kisanduku inajua nani amebonyeza? Ama inajua tu kama mutu amebonyeza? Na ikipotea, si ni hakimu ataona tu kama hakuna ushahidi, wakuachilie? Uliza Maître muzuri. Pengine ni heri kuiacha.

Annie bibi yako na batoto niliwaona kwenye misa. Banakula.

Yaya wako,
Hortense


Gerezani
Jumatano, 13 Novemba 2024

Yaya,

Asante. Kijani kupepesa maana yake iko hai na inafanya kazi. Nilisoma mstari ule mara nyingi mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kama nimepata habari ya kuzaliwa mtoto.

Kisanduku hakijui nani. Kinajua dakika tu. Lakini usiogope kwa ajili ya wenzako. Sitafuti mtu wa kumtupia. Maître anasema bila ushahidi hawataniachilia, kwa sababu liko neno la Dokta, na chini yake ipo sahihi yako kwamba hamkusikia kitu. Sikukasirikii kwa sahihi hiyo. Ulisema kweli uliyoijua. Mimi pia ningesaini.

Sasa tuizime. Betri haiwezi kungoja Desemba.

Ukifungua, upande wa kulia wa kisanduku kuna kitufe cheusi, kidogo kama punje ya harage. Kibonyeze, ukishikilie ukihesabu moja, mbili, tatu, kisha uachie. Hapo kitaanza kuandika kila kitu kwenye kadi. Usikisogeze, usikigeuze, na zaidi ya yote usikate umeme. Ukikata kikiwa bado kinaandika, si Alhamisi tu itakayopotea. Kadi nzima inaweza isisomeke tena. Ngoja mpaka taa izime. Hata ikichukua muda, ngoja. Ikisha kuzima ndipo utoe waya mweusi wa betri. Halafu chini ya kisanduku utaona kadi ndogo kama ukucha. Ivute taratibu, uitie kwenye karatasi kavu, umpelekee Maître Clément mkononi mwake.

Kitufe, kungoja, waya, kadi. Fuata hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine.

Mimi niko salama, ni unyevunyevu tu. Usimsikilize Annie akikuambia vingine.

Liévin


Kenya
Jumapili, 17 Novemba 2024

Liévin,

Nilifanya vile ulisema. Nilibonyeza, nikahesabu. Lakini taa nyekundu haikuzima. Nilisimama pale mpaka mvua ikapita, bado inawaka tu. Uliandika ningoje taa izime. Haikuzima, basi sikugusa waya, nikafunga kabati, nikarudi kwa bagonjwa.

Pengine imeharibika. Pengine ni Mungu anataka tuiache. Mi sijue tena.

Kuna jambo ingine. Docteur anasema batri ya kabati ni muzima kuliko zile zingine, anaitaka kwa friji ya chanjo. Amemuita Mwaba, yule fundi wa umeme, kuja Ijumaa. Nilimuambia ufunguo umepotea. Alinitazama, akasema watavunja kufuli.

Usinichukie. Niko mwanamuke wa miaka makumi tano na mbili, nimepokea batoto kupita elfu, na ninaogopa kitu kidogo kama sabuni.

Hortense


Gerezani
Jumatano, 20 Novemba 2024

Yaya Hortense,

Kosa ni langu, na nimejipiga kichwa ukutani kwa kosa hilo. Niliandika "taa" bila kusema ipi.

Taa nyekundu haizimiki. Kazi yake ni moja, kuonyesha kwamba umeme unafika. Hata kompyuta ikiwa imelala fofofo, nyekundu itawaka mpaka waya utoke. Ungeweza kuingoja mpaka Krismasi. Ya kutazama ni ya kijani. Ukibonyeza, kijani kinapepesa haraka haraka, bila mpango, hapo kinaandika. Kisha kitapepesa mara kumi, polepole, kwa kipimo kimoja. Hesabu. Baada ya ya kumi kinazima na hakirudi. Hapo imekwisha, hata kama nyekundu inakutazama bado. Hapo kata umeme bila hofu.

Kwa hiyo kama Jumapili ulibonyeza na kijani kimezima, kazi umekwisha kuifanya, Yaya! Fungua tu, toa waya, chukua kadi. Kama kijani bado kinapepesa mara moja moja, hukushikilia vya kutosha, bonyeza tena. Lakini iwe kabla Mwaba hajafika Ijumaa. Akija yeye na koleo lake, atakata, basi.

Nataka ujue jambo moja. Huenda kadi ikaonyesha kwamba king'ora changu kweli hakikulia. Nimelifikiria hilo zaidi ya unavyodhani. Ilete hata hivyo. Siombi kuokolewa. Naomba kujua. Nina watoto wawili nyumbani, na kila nikiwakumbuka ninaona kile kitambaa. Mtu anaweza kuishi akijua ameua bila kukusudia, nadhani. Lakini kutojua, hapana. Siwezi. Ninaisha.

Liévin


Lubumbashi
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Yaya Hortense,

Ni mimi Annie, mke wa Liévin. Barua hii na ile yake ninampa Michelle akuletee, maana Padri Sylvain amesafiri.

Liévin amenikataza kukuambia, lakini nitasema. Ni siku nane yuko kwenye chumba cha wagonjwa. Anakohoa, ana homa, hawezi kusimama kwa muda mrefu. Zile barua anaziandika akiwa amelala ubavu. Ninampelekea bukari na samaki, anagawa, yeye anakula matonge mawili.

Jana aliniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Annie, Jumanne hakimu akiniuliza, nitakubali." Nikamuuliza, "Utakubali nini, baba?" Akasema, "Kwamba ni mashine yangu. Kadi haiji. Kama Yaya Hortense, mwenye moyo kama ule, hakusikia king'ora, basi hakikulia." Maître amemsihi, amekataa kumsikiliza.

Yaya, mimi sijui kompyuta. Sijui taa ya kijani wala ya nini. Ninajua wewe ndiye uliyemzalisha mtoto wangu wa pili, ukanishika mkono toka asubuhi mpaka jioni. Kama kuna kitu unachoweza kufanya, kifanye kesho. Kama hakuna, niambie hakuna, niache kungoja.

Annie


Kenya
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Liévin,

Ninaandika nikikaa mbele ya mulango ya biro ya Maître Clément. Bado yuko ndani na mutu mwingine. Kadi iko kwa mufuko wa blouse yangu, ndani ya bahasha ya vidonge. Nikimupatia, tutaenda naye parquet, kwa mwendesha mashtaka, na sijue kama nitarudi nyumbani. Basi usome hii kabla wengine hawajakusimulia.

Jumapili nilikudanganya. Sikubonyeza kitu. Nilifungua kabati, nikaweka kidole juu ya kile kitufe, kisha nikapeleka mukono kwa waya ya batri. Nilitaka kuvuta. Nilisimama hivyo, kidole huku, mukono kule, mpaka mvua ikapita. Sikuweza kufanya moja wala ingine. Nikakuandikia ile habari ya taa nyekundu sababu ndiyo nilikuwa ninaiona mbele yangu. Wewe ukaniomba samahani. Ukajipiga kichwa kwa ukuta.

Ni mimi, Liévin.

Ile Alhamisi courant, umeme ya muji, ilikatika saa tano, na groupe ya kutoa umeme haikuwa na mafuta ya mazutu. Tulibakia na umeme ya mabatri ya kituo, na unajua kule prizi za kuchomekea zinazofanya kazi ni mbili tu, moja ya friji, moja ya kuvezi. Kisha saa saba Tracy akaanza kuzaa. Mutoto alitoka akiwa blu, kamba ya kitovu kwa shingo. Michelle alipiga kelele: "Yaya, mutoto hapumue! Hapumue, Yaya!" Nikamunyonya maji ya pua na kile kipira cha mukono, haikutosha. Nikakimbia kwa korido na mashine ya kunyonya, nikatoa kuvezi kwa prizi, nikachomeka mashine, nikavuta waya yake mpaka salle. Nilisema kwa sauti, kama vile Keren angenisikia: "Dakika tano tu, mama."

Kwa nini sikutoa friji? Kila siku ninajiuliza. Kuvezi ndiyo ilikuwa karibu na mulango. Hakuna sababu ingine.

King'ora ililia, Liévin. Ililia muzuri sana. Nilirudi mbio, nikabonyeza kitufe inyamaze, sababu Tracy alikuwa anaogopa na mimi nilijua ni dakika tano. Mutoto ya Tracy akapumua. Akalia. Wamemupa jina Aaron. Tulikuwa tunacheka na Michelle, na wakati tunacheka Tracy akaanza kutoka damu. Damu mingi. Niliingiza mukono moja, nikaweka wa pili juu ya tumbo, nikamukaza hivyo, sikuweza kuachia. Nilikuwa ninahesabu pumzi zake. Keren alinitoka kwa kichwa. Alitoka kabisa, sawa hakuzaliwa.

Damu iliposimama nikakumbuka. Nilikimbia na mikono yenye damu. Kuvezi ilikuwa giza. Nikachomeka, nikamutoa mutoto, nikamutia ndani ya nguo yangu, kifua kwa kifua, mpaka joto ya kuvezi ikarudi. Kisha nikamurudisha. Nilipitisha mukono kwa kile kidirisha, nikamushika mugongo. Alikuwa bado anapumua. Alipumua mpaka saa kumi.

Docteur akauliza: "Alarme ililia?" Nikajibu: "Sikusikia." Akasema: "Basi njo ile mashine ya Liévin." Nikanyamaza. Ilitosha kunyamaza. Kesho yake akaleta karatasi, nikasaini, na wewe ulikuwa unapandishwa kwa gari.

Na nilijipa kitu cha kushikilia. Nilijua king'ora inarudi kisha dakika ishirini, ulitufundisha. Mimi nilikuwa na Tracy pale, sikuisikia mara ya pili. Nikajiambia: kama ingerudi, ningesikia, ningekumbuka. Basi Liévin ana kosa pia. Nilikaa na hiyo wiki tatu. Kila asubuhi niliichukua, nikaivaa pamoja na blouse.

Barua yako na ya Annie nilizisoma asubuhi ya leo kwa choo cha kituo. Mwaba alifika saa saba na koleo mukononi.

"Mama Hortense, fungua, nitoe batri."

"Ngojea."

"Docteur amesema sasa hivi."

"Nimesema ngojea, Mwaba."

Ningeweza kumufungulia tu. Angekata, na hakuna mutu angenihesabia kosa. Ningesema ufunguo ulionekana, Mwaba alikata, mimi sijue mambo ya mashine. Nilifikiri hiyo nikiwa ninafungua. Nilifikiri hiyo hata nikiwa nimebonyeza. Moja, mbili, tatu. Kijani ikaanza kukimbia kama mutu anatafuta kitu ndani ya nyumba. Mwaba akanyoosha koleo, nikamushika mukono. "Utaniumiza, Mama!" Nilikuwa nimemukaza sana. Kisha ikaanza polepole. Nilihesabu kwa sauti, na Mwaba naye akaanza kuhesabu pamoja na mimi, hajui kwa nini. Tukafika kumi. Ikazima.

Nyekundu ilibakia. Bila barua yako ningesimama pale nikingoja.

Nikamuambia Mwaba: "Sasa kata."

Sikuombi kitu. Usikubali kosa Jumanne. King'ora yako ililia.

Hortense


Lubumbashi
Jumapili, 15 Desemba 2024

Yaya Hortense,

Sasa mimi ndiye niliye nje, na Padri Sylvain anakuletea wewe barua upande wa wanawake. Waliniachilia tarehe nne. Nimeanza barua hii mara nyingi, na zilizotangulia nilizichana, kwa sababu zilikuwa na matusi.

Nitaanza na yale yaliyo wazi. Kadi ilisomeka yote. Fundi wa mahakama aliifungua mbele ya hakimu, na mimi nikasimama nimeshikilia meza. Saa nane na dakika kumi na mbili, umeme haufiki kwenye kuvezi. Na kumi na tatu, king'ora kinalia. Na kumi na nne, kimenyamazishwa. Hapo ni wewe, kama ulivyosema.

Kisha saa nane na dakika thelathini na nne, king'ora kinalia tena.

Kililia mara ya pili, Yaya. Kililia dakika moja, na thelathini na tano mtu akakibonyeza kikanyamaza. Wewe ulikuwa na mikono yako ndani ya Tracy. Tracy mwenyewe amesema, Michelle amesema. Mama Musonda, anayefuta korido, alikaa kimya mpaka hakimu alipomuuliza yeye binafsi. Akajibu: "Njo docteur alibonyeza. Aliniambia hii kitu inapiga kelele bule, akaingia kwa biro yake." Hakutazama kuvezi. Na kesho yake akawaambia polisi kwamba hakikulia kabisa. Sasa wanasema yuko Kipushi kwa ndugu yake. Parquet imemwita mara mbili, hajafika. Kule Kipushi mpaka wa nchi uko karibu.

Kwa hiyo kile kisingizio ulichokuwa unakivaa kila asubuhi hakikuwa cha kweli, lakini kosa nalo si lako peke yako. Hilo nilitaka ulijue. Maître Clément anasema atakutetea wewe pia. Nimemkubalia, ingawa alipouliza nilitoka nje kwanza.

Siwezi kuandika kwamba nimekusamehe. Siku ishirini na moja ulijua. Nililala ubavu nikikuandikia jinsi ya kuzima taa, na wewe ulijua. Annie hataki jina lako litajwe mezani, na mara nyingine ni mimi ninayelitaja, na mara nyingine ni mimi ninayeondoka mezani. Kifua changu bado hakijapona. Jumatano nitakuja mwenyewe na chakula. Sijui nitasema nini. Pengine nitakupa sufuria nirudi.

Lakini kuna jambo limetokea Alhamisi, na siwezi kulingoja mpaka Jumatano.

Mama Mwenya alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Akasema: "Banasema ile kadi inajua yote. Ninataka kujua kama mutoto wangu aliona baridi mingi."

Nilikuwa na nakala ya zile karatasi. Nilizitoa, nikamwonyesha mstari kwa mstari, maana hakutaka nimfupishie. Nikamwambia: "Dakika arobaini na moja, Mama. Toka saa nane na kumi na mbili mpaka hamsini na tatu."

"Na kisha?"

"Kisha umeme ukarudi. Saa tisa na dakika ishirini joto lilikuwa limefika thelathini na sita. Likabaki hapo mpaka mwisho."

"Saa ile anakufa, alikuwa kwa joto?"

"Ndiyo, Mama."

Akaweka kidole kwenye mstari wa saa kumi, akakiacha hapo.

"Alikuwa peke yake?"

Kisanduku changu hakijui hilo, Yaya. Sikukitengeneza kijue hilo. Nilimjibu kutoka kwenye barua yako. Nikamwambia kwamba ulimweka kifuani kwako mpaka kuvezi ikapata joto, na kwamba ulipomrudisha ulipitisha mkono kwenye kidirisha, ukamshika mgongo, hadi saa kumi.

Annie alitoka jikoni akasimama. Kisha Mwenya akanisukumia ile karatasi.

"Andika ile pia."

Nikatafuta kalamu. Chini ya namba za dakika ya mwisho, kwa mkono wangu, nikaandika: *Hortense alikuwa amemshika.* Akaisoma polepole, akikunja midomo kwa kila neno. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya blauzi yake, akaenda.

Liévin